Kuna Sheng ya Kunywa, na Inatuhusu

Wasee, Wachina pia wana sheng. Yao siyo ya kuongea, ni ya kunywa. Kwa lugha yao neno hilo linamaanisha "mbichi", na ndilo jina la ile pu'er mbichi ya milima ya Yunnan, chai inayoshindiliwa hadi inakuwa keki bapa kama sahani. Keki ya kawaida ni gramu 357, na siku hizi unaagiza mtandaoni inakufikia Kitengela kwa bodaboda. Jamaa mmoja wa Milimani alitoa thao nne kwa keki moja. Akavunja kipande kikubwa, akakitupa kwenye sufuria ya maziwa, akachemsha dakika kumi na sukari juu, halafu akaanza kuambia watu chai ya Wachina ni dawa ya minyoo.

Chai haikuwa na shida. Na mimi nasema hivi: nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani imejaa watu ambao hawajawahi kuonja chai. Tunaonja maziwa. Tunaonja sukari na tangawizi. Majani yako hapo kuleta rangi tu.

Tulia, sijatukana chai ya maziwa. Chai ya kibanda saa nne asubuhi na mandazi mbili, hiyo hakuna mtu atanitoa. Lakini ukijua ladha moja tu ya kitu, utajuaje ukiuziwa vibaya?

Hii sheng inatengenezwaje? Majani yanachumwa, yananyaushwa kidogo, yanakaangwa kwenye karai la moto, yanasokotwa kwa mikono au mashine, halafu yanaanikwa juani. Baadaye yanapigwa mvuke na kushindiliwa. Hapo ndipo safari inaanza, kwa sababu keki haijalala. Hewa na vijidudu vinaendelea kuibadilisha polepole kwa miaka. Ikiwa changa ni ya kijani, kali, chungu, na wakati mwingine ina harufu ya moshi. Ikikaa miaka kumi na tano inakuwa ya kahawia na laini. Walioshindwa kungoja walitafuta njia ya mkato, na kufikia 1973 kule Kunming wakawa wanarundika majani, wanayamwagia maji, yanachacha kwa wiki kadhaa tu. Hiyo ndiyo pu'er "iliyoiva". Ni tamu sawa, lakini ni kitu kingine.

Sasa, mtu wa Kajiado akiniambia uchungu na moshi vimemshinda, naona ananibeba ufala. Huku ni kwa kina kule naoto, maziwa yanayoachwa yachache kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa makaa ya oloirien. Ule moshi haukuingia kwa bahati mbaya, umewekwa makusudi. Huku ndiko wazee wakimaliza nyama wanaletewa supu iliyochemshwa na magome ya olkiloriti, chungu hadi masikio yanasimama, na hakuna anayeitisha sukari. Kuchachusha, kufukiza, kunywa kichungu na kungoja mwili ujibu, hayo yote yalikuwa hapa kabla ya mtu yeyote kufungua duka mtandaoni.

Basi tuipike vizuri. Kwanza maji, na hapa Kitengela ndipo wengi wanafeli kabla hawajaanza. Maji mengi ya visima huku ni ya chumvi, unaijua hiyo rangi nyeupe ndani ya birika lako. Ukiyatumia, chai inakuwa nzito, butu, imekufa. Tumia maji ya kunywa ya mtungi, au ya mvua kama mko na tangi safi. Habari njema ni kwamba tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na maji huku yanachemka yakifika kama digrii 95. Kwa sheng hiyo ni sawa kabisa, kwa hivyo usihangaike na kipimajoto. Yakichemka, mimina.

Wachina wanatumia bakuli dogo lenye kifuniko, gaiwan. Wewe kikombe cha kawaida na kisosa cha kufunikia kinatosha, na kichungi. Vunja kipande saizi ya ncha ya kidole gumba, kama gramu tano. Mimina maji ya moto, hesabu hadi tano, mwaga yote. Hayo ni ya kuamsha majani. Mimina tena nusu kikombe, hesabu hadi kumi, chuja, kunywa. Sekunde kumi, siyo dakika kumi! Majani yaleyale unayarudia, kila raundi unaongeza sekunde chache. Raundi saba, nane unafika bila kulazimisha. Ukigawanya hivyo, ile keki ya thao nne inatoa mikao kama sabini, na mkao mmoja unawatosha watu watatu.

Raundi ya kwanza utasikia kama nyasi na vumbi la barabarani. Ya pili uchungu unapanda, kama managu yasiyotiwa maziwa. Usikimbie. Meza, ngoja, pumua kwa pua. Kuna utamu unarudi kutoka kooni, na hakuna mtu ameweka sukari. Ya nne na ya tano ndizo tamu zaidi kwangu. Ila usinywe na njaa, na usinywe saa tatu usiku, utahesabu mabati hadi asubuhi.

Na wale wanaoiuza kama chai ya kukata tumbo kwa wiki mbili, wapite huko. Nyingi za hizo chai za kupunguza uzito zimetiwa sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kilichopungua ni maji ya mwili wako na doo yako.

Lakini kitu kinachoniuma ni hiki. Majani ya Yunnan yanatoka kwenye aina ya mchai inayoitwa assamica, na sehemu kubwa ya chai yetu ni ya jamii hiyohiyo. Mashamba yao mengi yako kati ya mita 1,000 na 2,000. Yetu yako kati ya 1,500 na 2,700: Kericho, Nandi, Nyeri, Kirinyaga. Chai ilipandwa Limuru mwaka wa 1903. Milima tunayo, majani tunayo. Halafu karibu yote tunaipitisha kwenye mashine za kuponda na kurarua hadi inakuwa punje, tunaipeleka mnadani Mombasa, inanunuliwa kwa kilo na kuchanganywa na za wengine huko ng'ambo, na jina la mlima linapotea. Kisha msimu wa bonasi ukifika, wakulima wanalia bei.

Na siyo kwamba hatujui kufanya tofauti. Mwaka wa 2011 watafiti wetu wa Kericho walitoa mchai wa majani ya zambarau, TRFK 306. Kiwanda cha Kangaita kule Kirinyaga kinausindika. Kuna viwanda vinavyosokota majani mazima bila kuyaponda. Ukiuliza hiyo chai kwenye supamaketi za Namanga Road, wengi wanakuangalia kama umeuliza nyama ya twiga. Wanunuzi wa hiyo chai wako mbali, sisi hatujawahi kuiulizia.

Ndiyo maana sioni kununua sheng kama kujifanya. Nunua kidogo, gawaneni watu wanne, mjifunze kuonja. Halafu pesa inayofuata tafuta majani mazima ya Kenya, uyapike vilevile, sekunde chache, raundi nyingi, bila maziwa. Weka vikombe viwili kando kwa kando, cha Yunnan na cha Kirinyaga, ubishane na mabeshte kipi kinashinda.

Na nyinyi wenye kahawa za kishua pale mjini mnaotuuzia kifuko cha chai ndani ya maji ya moto kwa mia mbili hamsini: wekeni majani mazima kwenye menyu, muandike yametoka mlima gani na kiwanda gani. Nitalipa. Maji tu, tafadhali, yasiwe ya kisima.