DAWA RAHISI YA MGONGO NAYO INA BEI

Katika hesabu tumefundishwa kuwa bei peke yake haionyeshi kitu kilicho ghali. Yatupasa kujua pia tumepata nini. Mchele wa bei ndogo uliojaa mawe ni ghali. Nataka tutumie hesabu hiyo hiyo kwa ugonjwa unaowasumbua wazee wetu wengi, yaani maumivu ya kiuno yasiyokwisha, hasa kwa mtu ambaye uzito wake umezidi.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 619 waliumwa kiuno mwaka 2020. Desemba 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu hayo yakidumu. Mwongozo huo wasifu mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni haupendekezi. Hata hivyo mkanda hununuliwa upesi, maana waonekana, nao hautaki jasho.

Je, kubadili mwenendo wa maisha kwafaa? Huko Newcastle, Australia, wataalamu waliwachunguza wagonjwa 346. Kundi moja lilipata matibabu mema ya kawaida. La pili lilipata hayo pamoja na msaada wa kurekebisha uzito, chakula, mazoezi na sigara, nao walipigiwa simu mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Baada ya majuma 26, kundi la pili lilikuwa limepungua kwa wastani kilo 1.6 zaidi ya la kwanza. Katika kipimo cha alama 24 kionyeshacho jinsi kiuno kinavyomzuia mtu kazi zake, lilikuwa na nafuu zaidi kwa alama 1.3.

Faida hiyo ni ndogo, wala siifichi. Wengine watasema kuwa rahisi huvunja upishi. Nami nawajibu: kutembea hakulipiwi, na soda isiyonunuliwa huacha shilingi mfukoni. Tena mwendo ule ule husaidia dhidi ya shinikizo la damu na kisukari. Mkanda hausaidii hayo.

Lakini rahisi si bure. Kumwambia mgonjwa, "Punguza uzito," kisha kumwacha aende zake, si matibabu. Ni sawa na mwalimu atoaye mazoezi asiyasahihishe. Wale wa Newcastle walikuwa na mtu wa kuwafuatia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha zitumike: kumlipa mhudumu wa afya mwenye mzani na simu, amwulize mgonjwa kila baada ya majuma machache amefika wapi.

Wala tusiwacheke wanene. Hata wembamba huumwa kiuno. Na mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, au ashindwaye kuzuia mkojo, au aliyeumia kwa kuanguka, asingoje mazoezi. Aende hospitali mara moja.

Naomba kamati ya Siku ya Wazazi imwalike mhudumu wa afya, apewe chumba cha faragha na mzani. Wazazi wapimwe, waulize, waandikishe namba zao za simu. Kisha, muhula ujao, tuwaulize wangapi walipigiwa.