Sikio Si Mtumwa wa Jicho

Wapo wanaodai kwamba michezo ya kusikiliza ya Doctor Who, yule Daktari msafiri wa nyakati na sayari, ni makombo ya televisheni. Hoja hiyo twaikataa.

Tamthilia hiyo ilianza BBC, Uingereza, mwaka 1963, ikasimamishwa mwaka 1989. Filamu moja ya mwaka 1996 haikuifufua. Kampuni ya Big Finish ndiyo iliyowarudisha waigizaji wa zamani mbele ya vipaza sauti mwaka 1999, miaka 6 kabla televisheni haijairejea. Paul McGann, Daktari wa filamu ile, aliachwa na televisheni hadi mwaka 2013. Lakini tangu mwaka 2001 sauti yake pekee imemjenga Daktari kamili. Colin Baker, aliyeondolewa mwaka 1986, alipata humo nafasi aliyonyimwa.

Je, ni makombo kile kilicholisha nyumba wakati jikoni hamna moto?

Jicho hupokea picha iliyokwisha kuandaliwa. Sikio hutudai kazi: kuijenga sayari wenyewe, kunyamaza, kumngoja anenaye amalize. Tusiidharau kazi hiyo. Asiyeweza kusikiliza hadithi kwa saa moja, atamsikilizaje jirani mwenye majonzi?