Ukumbi wa Afya: Unapopimwa Uboho, Usinyamaze



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukumbi wetu unazungumzia kipimo ambacho wengi wetu hukitaja kwa kunong'ona: kutolewa uboho wa mfupa, ambacho Waswidi hukiita benmärgsprov. Nakiandika kwa kuwa nimekipitia mara mbili, na mara ya kwanza nilikipitia vibaya kwa kosa langu mwenyewe.

Damu yangu ilikuwa ikipungua pasipo sababu kuonekana. Daktari akataka kuutazama uboho, kwa maana ndio unaotengeneza chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Nilikwenda na mwanangu wa miaka 14 anifasirie. Daktari alipouliza kama naumia, nilimtazama mtoto, nikaona midomo yake inatetemeka. Nikasema, "Mwambie siumii." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeing'ata ncha ya mtandio wangu. Daktari akaamini, akaendelea. Nilirudi nyumbani Hallonbergen nikasifiwa ushujaa, lakini usiku ule mtoto hakulala. Nami nilipoitwa tena baada ya miezi kadhaa, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi, niliahirisha mara mbili kwa hofu. Maradhi hayangojei mwenye hofu apate ujasiri.

Basi na tuiondoe hofu kwa kuijua kazi yenyewe. Wako wanaodhani kwamba sindano huingia katika uti wa mgongo na kupoozesha miguu. Sivyo. Kwa kawaida huchomwa mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, mbali na uti. Na pengine, kwa mtu mzima, mfupa wa kidari. Hunyonywa uboho kidogo, na mara nyingi hukatwa pia kipande chembamba cha mfupa chenye urefu wa sentimita 1 au 2. Mwili hukirudisha kilichotolewa, wala nguvu za mtu hazipungui. Shughuli yote aghalabu haizidi nusu saa.

Maumivu yake yana hatua. Kwanza ni sindano ya ganzi, ambayo huwasha kama mchomo wa nyigu kwa muda mfupi. Kisha huja mkandamizo mzito, daktari anapousukuma mfupa. Mwisho ni kule kunyonywa kwa uboho: maumivu makali ya kuvutwa, ambayo huweza kushuka hadi pajani, nayo hudumu sekunde chache tu.

Dawa ya ganzi itumikayo sana ni lidokaini, nayo ni mwenyeji wa huku tunakoishi. Iliundwa Stockholm mwaka 1943 na wanakemia Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, na huyo Lundqvist aliijaribu mwilini mwake mwenyewe. Kampuni ya Astra ya Södertälje ilianza kuiuza mwaka 1948 kwa jina la Xylocain. Lakini ina mpaka wake: hutia ganzi ngozi na utando wa juu wa mfupa, haifiki ndani kwenye uboho. Kwa hiyo ukiumia wakati wa kunyonywa, usidhani kwamba kuna jambo limeharibika, wala usidhani kwamba wewe ni dhaifu.

Mara ya pili niliomba mkalimani siku ile ile nilipopewa miadi. Mkalimani amefungwa na sheria ya kutunza siri, na mtoto hastahili kubebeshwa ugonjwa wa mzazi wake. Niliwaambia mapema kwamba naogopa. Nikaomba mambo matatu: daktari aingoje ganzi ishike, anieleze kila hatua kabla ya kuianza, na nipewe kitu cha kutuliza. Ziko dawa za kumeza au za mshipani, na mahali pengine iko ile gesi ya kuvuta, lustgas, ambayo akina mama waliojifungulia nchi hii wanaijua vyema. Akina mama wenye haya wanaweza pia kuomba daktari wa kike na shuka ya kujisitiri. Panapohitaji kufunuliwa ni padogo. Daktari aliposema "sasa", nilitoa pumzi polepole pamoja na tasbihi, na kabla sijafika ya kumi alikuwa amekwisha. Niliumia, lakini sikuogopa.

Muuguzi akikuuliza maumivu ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, taja nambari ya kweli. Na msemo mmoja wa Kiswidi tuuhifadhi sote: "Det gör ont", yaani inauma.

Mtoto mdogo kwa kawaida hulazwa usingizi. Mzazi azifuate barabara saa za kutokula alizopewa, wala asimdanganye mtoto kwamba anakwenda kutembea.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama una mzio wa dawa yoyote. Ukipewa dawa ya usingizi, usiendeshe gari; awepo wa kukurudisha nyumbani. Baadaye kidonda kikae kikavu kwa siku moja, na kwa maumivu ya nyonga meza parasetamoli, si aspirini, maana aspirini huzidisha kutoka damu. Ukiona damu haikomi, homa, au wekundu unaoenea, piga simu 1177, au idara iliyokupima.

Nimalizie kwa neno moja. Wengi wetu tumelelewa kwamba mwenye subira hasemi. Lakini Nabii Ayyub, alayhis-salaam, kigezo chetu cha subira, alimlilia Mola wake juu ya dhara iliyompata, na hilo halikumtoa katika daraja la wenye kusubiri. Wahenga nao walisema, mficha uchi hazai. Subira ni kurudi hospitali siku uliyoitwa. Kunyamaza mbele ya daktari anayekuuliza si subira.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.