Dishi la intaneti likigoma, usikimbilie kupanda paa

Ukipanda matatu ya kwenda Thika na kufika Ruiru, hebu inua macho utazame mapaa ya zile ploti za ghorofa. Zamani ungeona antena za televisheni tu, zilizokaa kama mifupa ya samaki. Siku hizi utaona pia madishi madogo meupe na visanduku vilivyofungwa kwenye vyuma, kila kimoja kimegeukia upande wake kana kwamba vimenuniana. Hivyo ndivyo vinavyoleta intaneti katika nyumba nyingi za Ruiru, Juja na Thika ambako waya wa faiba haujafika mlangoni.

Maswali kuhusu vyombo hivi yamekuwa mengi katika safu hii, hasa kutoka kwa kina mama wenye biashara na wazazi ambao watoto wao wa chuo husomea nyumbani. Malalamiko hufanana. Intaneti imepotea, fundi ameitwa, akatazama juu, akatikisa kichwa na kusema mtambo umeungua. Pesa zikatolewa, mtambo mpya ukafungwa, na baada ya wiki mbili mambo yakawa yale yale. Leo basi tuelezane jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi na jinsi ya kukichunguza bila kuhatarisha shingo, ili fundi akija uwe na swali la kumwuliza.

Hadi 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea sana setilaiti. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na kutoka huko faiba zikapanda hadi Nairobi na kusambaa. Lakini faiba kufika barabara ya Thika ni jambo moja, na kufika chumbani kwako ni jambo lingine. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa kwa mawimbi ya redio: mnarani kuna antena inayotuma, nawe juu ya paa una antena inayopokea na kujibu.

Mawimbi haya si kama yale ya redio za zamani za masafa ya kati, ambayo hufuata ardhi na kukusikizisha kituo kilicho mbali. Madishi mengi ya nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 5 na kitu, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 5 tu. Mawimbi mafupi hivyo husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kutoka Thika hadi Ruiru huchukua chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, lakini ukuta wa mawe ukiingia kati, hapana safari. Dishi lako na mnara sharti vionane.

Nchi yetu hii nayo ina mabonde. Kati ya Ruiru na Thika unavuka mito kadhaa, Ndarugu ikiwa mmojawapo, na kila mto una bonde lake. Aliyejenga mgongoni huona mnara bila taabu. Aliyejenga karibu na mto huenda asiuone kamwe, hata kama kwa miguu si mbali. Ndiyo maana jirani yako wa juu anaweza kupata huduma nzuri nawe ukaikosa.

Sasa tuanze uchunguzi, na tuanzie chini, kwenye soketi. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanapopunjwa, kwa sababu jambo ni dogo na halionekani kama ugonjwa.

Dishi la juu halina waya wake wa stima. Hupata nguvu kupitia waya ule ule unaoleta intaneti. Chini, karibu na rauta, kuna adapta ndogo nyeusi au nyeupe iliyochomekwa ukutani. Ina matundu mawili yanayofanana kama mapacha: moja ni la waya unaopanda kwenye dishi, na jingine ni la waya unaokwenda kwenye rauta. Mtu akifagia, akasogeza meza, akachomoa na kurudisha kinyume, dishi hukosa nguvu na nyumba nzima husema mtambo umeungua. Baya zaidi, stima iliyokusudiwa dishi ikielekezwa kwenye rauta au kompyuta isiyoitarajia, inaweza kuunguza tundu lake. Siku ya kwanza kabisa, chukua utepe na kalamu, uandike kwenye kila waya: JUU, RAUTA. Kazi ya dakika mbili.

Tazama taa ya adapta. Haiwaki? Jaribu soketi nyingine kabla ya kumlaumu mtu. Inawaka? Zima adapta na rauta, uhesabu hadi 60 bila haraka, uwashe adapta kwanza. Ngoja dakika tatu dishi liamke na kuutafuta mnara, kisha uwashe rauta. Lakini usiingize pini kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma. Hicho hufuta maagizo yote yaliyowekwa na fundi, na baada ya hapo hata mtambo mzima haujui uongee na nani. Watoto wa miaka 12 wanakipenda sana kitundu hicho.

Jambo la pili ni kutenganisha waifai na intaneti, maana wengi huzichanganya. Waifai ni safari ya kutoka rauta hadi simu yako, ndani ya nyumba. Intaneti ni mzigo unaotoka mnarani. Simu ikionyesha waifai imejaa pomoni lakini kurasa hazifunguki, ujue rauta yako ni nzima, na tatizo liko kwenye dishi, mnarani, au huko nyuma zaidi. Intaneti ikienda vizuri sebuleni na kufa chumba cha kulala, dishi halina hatia. Ukuta wa mawe wa nyumba yako ndio unaokula waifai, na rauta ihamishwe katikati ya nyumba.

Kisha muulize jirani anayetumia huduma ile ile. Kama naye amekatika, acha kuhangaika. Huenda stima imepotea kule mnarani na betri zimekwisha. Piga simu, ripoti, uendelee na mapishi.

Ikiwa ni wewe pekee, basi kuwa mpelelezi. Usitazame dishi, tazama saa na hali ya anga. Chukua daftari uandike kwa wiki moja ni lini intaneti inasumbua. Ikisumbua kila siku kuanzia saa mbili usiku na kupona usiku wa manane, aghalabu ni msongamano: watu wamerudi kutoka kazini, wote wamefungua sinema, na mnara umelemewa. Dishi jipya halitasaidia hata kidogo. Ikisumbua upepo unapovuma, chuma kimelegea au kuna mti unaoyumba njiani. Kulegea kidogo si jambo dogo, kwani digrii moja tu ya kupinda, kwa umbali wa kilomita 10, inakukosesha shabaha kwa mita 175. Kuna wapangaji hufunga kamba ya nguo kwenye chuma cha dishi, halafu hushangaa.

Na mvua? Wengi husema mvua inazuia intaneti. Kwa masafa ya gigahezi 5, matone yenyewe hayana nguvu hiyo kwa umbali wetu huu mfupi. Kinachofanyika ni kwamba maji yanaingia kwenye kiunganishi kisichofunikwa vizuri, au yanafuata waya hadi ndani ya nyumba. Waya ukifungwa vyema huachwa ulegee kidogo chini ya tundu la ukutani, ili maji yadondokee nje. Pia uwe ule mweusi wa nje. Wa kijivu wa ndani hupasuka kwa jua. Hata hivyo, zile antena kubwa za mviringo kama ngoma unazoziona kwenye minara ya simu, mara nyingi hutumia masafa ya juu zaidi ya gigahezi 10, na hizo kweli hudhoofishwa na mvua kubwa. Kwa hiyo mvua inaweza kukukatia huduma kutoka upande wa mnara, bila kosa la chombo chako.

Majani nayo yana maji. Mkaratusi ulioupanda ukiwa mche, ukirefuka hadi mbele ya dishi, hunywa mawimbi polepole, mwezi baada ya mwezi, hata usijue ni lini ulianza kuumia.

Hapa ndipo tunafika kwenye ugonjwa mkubwa wa Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban 490,000 katika mji wa Ruiru, karibu mara mbili ya Thika. Mashamba ya kahawa yamekatwa ploti, na palipokuwa na miti ya kimo cha mtu sasa pana ghorofa sita. Jengo likipanda katikati ya dishi lako na mnara, hakuna mtambo utakaoliona lililo nyuma yake.

Tena si lazima jengo lizibe kabisa. Mawimbi hayapiti hewani kama uzi. Hupita kama mhogo: nyembamba ncha zote mbili, nene katikati. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 3, unene huo katikati ya safari ni kama mita 6 kila upande. Yaani jengo linaweza kuwa ghorofa nzima chini ya mstari wa macho na bado likakudhuru. Ukisimama juu ya paa na kusema "lakini mnara nauona", hujamaliza hesabu.

Mama mmoja wa Kihunguro, mwenye duka la kupiga chapa na kujazia watu fomu za ushuru, alibadilishiwa dishi mara mbili. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu za KRA, na katika siku hizo za mwisho wateja walipanga foleni, wakachoka, wakaenda kwingine. Aliyemwokoa ni kijana wa chuo aliyemwambia aulize nambari moja tu.

Nambari hiyo ni nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, nayo hupimwa kwa desibeli chini ya sufuri. Fundi yeyote anaweza kuisoma kwenye ukurasa wa dishi. Kadiri inavyokaribia sufuri ndivyo ilivyo bora. Kati ya 50 na 65 chini ya sufuri ni afya njema. Ikifika 75 mambo huanza kuyumba, na 85 ni mahututi. Kumbuka kwamba kila desibeli 10 zinazopotea, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Dishi la mama huyo lilifungwa likisoma 61, na miezi minane baadaye lilikuwa 79. Mtambo mpya nao, ulipofungwa pale pale, ulisoma 79. Alikuwa amenunua chombo kizima badala ya kizima, kumbe jirani wa mbele alikuwa ameongeza ghorofa mbili. Dishi lilipogeuzwa kuelekea mnara mwingine, upande usio na jengo, likasoma 63.

Basi siku ya kufungiwa dishi, mwambie fundi akusomee nambari hiyo, nawe uiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa kabati pamoja na tarehe. Akija tena kusema mtambo umeungua, mwulize leo inasoma ngapi. Mtambo ulioungua hausomi chochote. Ukisoma, haujafa. Ukisoma vizuri na intaneti bado ni mbovu, huenda ni mwingiliano. Masafa haya hayatozwi leseni ya kila mtumiaji, kila paa lina lake, na juu ya Ruiru kuna kelele kama sokoni siku ya mnada. Dawa yake ni kuhamia chaneli iliyo tulivu. Kuongeza nguvu ya kutuma ni kupiga kelele zaidi katika kelele, tena kuna kiwango kilichowekwa ambacho hakiruhusiwi kuvukwa.

Kuhusu paa lenyewe, nasema waziwazi: wewe na watoto msipande. Mabati huteleza, na nyaya za stima hupita karibu na mapaa kuliko tunavyodhani. Chuma kirefu cha kushikilia dishi kikiyumba na kugusa waya, anayekishika hapati nafasi ya kujuta. Mwite mwenye kamba na viatu vya kazi. Mawingu ya masika yakianza kunguruma, chomoa adapta ukutani mapema, pamoja na waya unaotoka juu. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiuguse waya huo tena.

Na wewe unayetaka kufungiwa sasa hivi, iwe Makongeni, Ngoingwa au Kamakis, usilipe kabla ya kuuliza mambo matatu. Mnara uko wapi, na kati yangu na huo mnara kuna ploti tupu ngapi? Kuna mnara wa pili tunaoweza kugeukia? Na jirani akijenga, gharama ya kuhamisha dishi ni ya nani? Jibu la swali hili la tatu liandikwe kwenye mkataba au nyuma ya risiti, likiwa na sahihi. Ukiwa nalo na kampuni ikakataa kulitimiza, peleka malalamiko kwao kwa maandishi kwanza, uweke nakala. Wakinyamaza, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.