TAHARIRI: Katibu asigeuzwe hakimu, wala asiachiwe kazi peke yake

Yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama anajua nguvu ya katibu. Hashiki pesa, kura yake ni moja kama ya wengine, na mkutano mzima ameinamia daftari. Lakini ngoja hoja yako isiandikwe kwenye ajenda, hapo ndipo utamjua. Hoja isiyoandikwa haijadiliwi, na isiyojadiliwa imekufa bila kupigiwa kura.

Bitcoin nayo ina makatibu wake. Vijana wengi mtaani wanajua bei ya Bitcoin kila asubuhi kuliko wanavyojua bei ya unga, lakini hawajawahi kusikia habari za watu hawa. Tunasema ni wakati wa kuwajua, kwa sababu yaliyowapata yana funzo kwa kila mwenye pesa zake humo na kwa kila anayetafuta kazi katika teknolojia.

Bitcoin haina mkurugenzi wala bodi. Serikali inaweza kuzipa leseni kampuni zinazouza sarafu hizi, lakini kanuni za Bitcoin yenyewe haziandikwi Nairobi wala Washington. Programu yake ni huria: mtu yeyote anaweza kuisoma, kuinakili na kupendekeza ibadilishwe. Shida ni kwamba maelfu ya kompyuta duniani lazima zifuate kanuni zilezile, la sivyo kila moja itakuwa na hesabu yake. Kwa hivyo mwaka 2011, Amir Taaki aliandika Pendekezo la kwanza la Kuboresha Bitcoin, maarufu kama BIP, akikopa utaratibu uliokuwa ukitumiwa na watengenezaji wa lugha ya kompyuta ya Python.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ukiwa na wazo, unalijadili hadharani na wasanidi wengine, unaliandika, kisha unaliwasilisha kwenye GitHub. Hapo ndipo mhariri anapoingia. Anaangalia kama wazo limeelezwa likaeleweka, kama lina mashiko kiufundi, na kama umesema litaathiri vipi programu za zamani. Likifaa, analipa nambari. Basi. Hana ruhusa ya kusema, "Hili silipendi." Na nambari si muhuri wa kuidhinishwa. Wanaoamua ni wale wanaoziandika na kuziendesha programu hizo.

Mfano mzuri ni yale maneno 12 au 24 unayoambiwa uandike kwenye karatasi unapofungua pochi ya kidijitali. Hayo yanatoka kwenye BIP 39, yenye orodha ya maneno 2,048. Wataalamu waliotoa maoni rasmi kuhusu pendekezo hilo walishauri lisitumiwe, na muhtasari wa maoni yao ukawekwa juu kabisa ya hati yenyewe. Waundaji wa pochi wakalitumia hata hivyo, na leo limeenea kote. Mhariri hakulizuia wala hakulipigia debe.

Sasa tuje kwenye tatizo. Kufikia mwaka 2023, kazi hii ya kupokea mapendekezo ilikuwa kwa vitendo imemwangukia mtu mmoja, Luke Dashjr. Mapendekezo yakarundikana. Moja lilihusu Ordinals, teknolojia inayowezesha watu kuweka picha na maandishi ndani ya Bitcoin. Dashjr alikuwa akisema wazi kwamba picha hizo ni taka. Mwanzilishi wa Ordinals, Casey Rodarmor, akalalamika Oktoba mwaka huo kwamba pendekezo lake limekaa tu bila nambari. Dashjr alisema muda wa kazi hiyo hakuwa nao.

Sisi hatuna sababu ya kumshuku. Ni kazi ya kujitolea, na binadamu ana maisha yake. Lakini hapo ndipo penye shida. Hata kama sababu ilikuwa muda tu, nani angeamini, wakati ufunguo wa mlango uko mikononi mwa mtu mmoja na maoni yake yanajulikana? Anayekaa peke yake kwenye lango hawezi kuthibitisha kwamba hana upendeleo. Akichelewa, atashukiwa tu.

Mnamo Februari 2024, msanidi Ava Chow alipendekeza wahariri waongezwe. Mjadala ulikuwa mrefu, na Aprili waliongezwa watano: Bryan Bishop, Jon Atack, Mark Erhardt, Olaoluwa Osuntokun na Ruben Somsen. Mwezi huohuo pendekezo la kurudisha amri ya OP_CAT, ambalo lilikuwa limesubiri kwa miezi, likapata nambari 347. Kilichopungua muda wote huo ni mikono tu.

Wenzao wa Ethereum walipata somo la aina nyingine. Novemba 2017, hitilafu katika pochi za Parity ilifungia zaidi ya etha 500,000, na wenyewe wakawa hawawezi kuzigusa. Mapema 2018 likaja pendekezo la kuweka utaratibu wa kurudishia watu fedha zilizopotea kwa namna hiyo. Mhariri Yoichi Hirai alilipinga, akisema halilingani na falsafa ya Ethereum. Wakamuuliza: falsafa hiyo imeandikwa wapi, na nani kakupa kazi ya kuilinda? Baadaye alijiuzulu, akieleza hofu kwamba kulipitisha kungemweka pabaya na sheria za Japani. Hebu fikiria: mtu anayekagua hati ameachiwa swali la mamilioni ya dola, na jela anaiwazia. Huo ni mzigo wa hakimu uliotwikwa katibu.

Msimamo wetu ni huu. Lango lisiwe na mtu mmoja. Mipaka ya kazi ya mhariri iandikwe, na anapokataa hati aeleze sababu hadharani ili mwenye hati ajue arekebishe nini. Na kampuni zinazovuna mabilioni kutokana na programu hizi za bure zisiwaache wanaozitunza wafanye kazi usiku, baada ya ajira zao, halafu zishangae wakichoka.

Kwako kijana, kuna mambo mawili. La kwanza linahusu mfuko wako. Kwenye makundi ya Telegram hukosi mtu wa kukuambia, "Pendekezo limepewa nambari, bei inapaa, nunua sasa!" Tulia kwanza. Nambari maana yake ni kwamba hati imeandikwa vizuri ikajadiliwa. OP_CAT ilipata nambari, na nambari hiyo haikuiwasha. Anayekuuzia nambari kama habari njema, aidha hajui au anajua sana.

La pili linahusu kazi. Wengi wanadhani huwezi kuingia kwenye miradi hii kama hujui kuandika programu usiku kucha. Si kweli. Kazi kubwa ya mhariri ni kusoma kwa makini, kuuliza swali linalofaa, na kumwambia mtu kwa heshima kwamba aya yake ya tatu haieleweki. Hati zote ziko wazi, bure. Chagua moja, isome yote, tafuta kosa au mahali palipofichika, kisha pendekeza sahihisho. Lisipokubaliwa, utaambiwa kwa nini, na hapo umeshajifunza.

Kwenye chama, kila mtu hutaka kuwa mwekahazina. Kiti cha katibu hukimbiwa, mpaka siku hoja yako ikose kuandikwa. Tusingoje siku hiyo.