KISWAHILI KINYWANI MWA ZIMWI

Usiku wa Alhamisi, tarehe 8 Septemba, 1966, televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia ya mambo ya angani iitwayo Star Trek. Huku kwetu Bara televisheni haikuwepo, wala haikuja mpaka mwaka 1994, basi wazee wetu hawakuiona. Lakini katika sehemu ile ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa, iitwayo The Man Trap, Kiswahili kilisemwa. Twawaomba wasomaji watazame vizuri kilisemwa na nani.

Ndani ya chombo kile kilichokuwa kikisafiri baina ya nyota alikuwamo bibi mmoja Mweusi, Luteni Uhura, mwenye kazi ya mawasiliano. Jina lake limetokana na neno letu uhuru, nalo lilifika huko miaka mitano tu baada ya Tanganyika kuupata uhuru wenyewe. Mchezaji wake alikuwa Nichelle Nichols. Hadithi ni hii: katika sayari moja amebaki zimwi wa mwisho wa jamii yake, naye chakula chake ni chumvi. Akimpata mtu humfyonza chumvi yote ya mwilini mpaka afe. Tena hana haja ya kumkimbiza. Humsoma moyoni, akajua ni nani anayemtamani, kisha akavaa sura hiyo. Alipomkuta Uhura peke yake katika ujia wa chombo, alijigeuza kijana mzuri wa Kiafrika, akamsemesha kwa Kiswahili. Bibi akajibu. Nusura aliwe!

Hatusemi kwamba watungaji walikuwa na nia mbaya. Katika nchi ambayo Sheria ya Haki za Kiraia ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, kumweka mwanamke Mweusi kazini pamoja na maofisa wengine, bila ya ufagio wala sinia mkononi, lilikuwa jambo kubwa, na Dakta Martin Luther King mwenyewe alimsihi Nichols asiiache kazi ile. Hayo twayakubali na twayaheshimu. Lakini hapana budi kusema pia kwamba siku ya kwanza lugha yetu ilipopelekwa kwenye nyota zile, ilipelekwa kuwa chambo.

Ikapita miaka hamsini na saba. Tarehe 5 Julai, 2023, Disney+ ikatoa mfululizo wa katuni kumi zilizotungwa na Waafrika juu ya Afrika ya kesho, na jina lake ni Kizazi Moto. Sehemu ya kwanza, Herderboy, imeongozwa na Mganda, Raymond Malinga. Inahusu wachungaji wa ng'ombe wa ufalme wa Chwezi, watu nusu mwili nusu mashine, wanaolinda mifugo yao dhidi ya mizimu. Kijana mmojawapo anaitwa Ndahura. Mzee wa Bunyoro hana haja ya kuelezwa jina hilo limetoka wapi, na hata kwetu Kagera Wachwezi wanasimuliwa mpaka leo. Wamara wao anajulikana Buhaya kama anavyojulikana ng'ambo ya mpaka. Kazi ni nzuri na twaisifu bila ya kusitasita.

Lakini Ndahura anasema lugha gani? Anasema Kiingereza. Na siku katuni hizo zilipotoka, huduma ya Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Tanzania, wala Kenya, wala huko Uganda anakotoka mwongozaji. Zilitoka siku mbili kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyokubaliwa na UNESCO mwaka 2021, ambayo ndiyo tarehe ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Kibao cha duka kimeandikwa kwa lugha yetu, na sisi tumesimama nje!

Watatokea mabwana wa kusema kwamba Kiswahili hakiwezi mambo ya sayansi. Twawauliza, je, wamesoma Walenisi ya Katama Mkangi? Kitabu hicho kilitoka mwaka 1995, na ndani yake mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani katika chombo, akafika ulimwengu mwingine wenye haki kuliko huu. Kimeandikwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tena waje Ruvu, waisikilize treni ya umeme inayopita hapo tangu mwaka 2024, kisha wawasikilize watoto wa Janga na Mlandizi wanavyoisimulia, kama kuna mmoja aliyekwama kwa kukosa neno.

Na kama wasiwasi ni kutia sauti, mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake, na mkwe yule wa Beijing alisema Kiswahili safi, watu wakamwelewa na kumhurumia. Waturuki nao wamesemeshwa Kiswahili na Azam. Mchungaji wa Uganda, jirani yetu, yeye ana kosa gani?

Wanaoijua kazi hii kuliko wote hawamo maofisini. Wamo katika vibanda umiza. Kijana anaichukua filamu ya Kimarekani au ya Kihindi, anaitia sauti yake juu, anaeleza, anatania, anawapa majambazi majina ya mtaani, na kibanda kizima kinacheka. Watu wa elimu huwadharau vijana hawa. Sisi twaona kwamba wamefanya kwa mashine mbovu kazi ambayo vituo vyenye studio vimeikwepa.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, TBC, au kituo chochote chenye uwezo, kizungumze na wenye Kizazi Moto, kipate haki ya kuzitia katuni zile kumi Kiswahili na kuzionyesha kwa wananchi bila ya malipo ya kisimbusi cha gharama. Pili, iagizwe tamthilia ya kesho yetu wenyewe, itungwe kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, katika mkoa huu huu wa Pwani. Na wale wafasiri wa vibanda umiza waitwe, wapewe mikataba iliyoandikwa, na walipwe.