Kiti cha magurudumu peke yake hakimtoi mtu nyumbani

Barabara kuu ya Kericho kuelekea Nakuru, ile inayopita Chepseon, ina sifa mbaya. Msomaji atakumbuka jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipovamia watu katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya 50. Waliokufa huhesabiwa na kuzikwa. Lakini anayevunjika uti wa mgongo, awe ameanguka na pikipiki au kutoka juu ya mti, hurudishwa kijijini kimya kimya baada ya kutoka hospitalini.

Majirani hawana ubaya. Huchanga harambee, bili ikalipwa, kiti kikanunuliwa. Tatizo ni kwamba kiti hicho mara nyingi kimetengenezewa sakafu ya hospitali. Magurudumu yake madogo ya mbele huzama katika tope la Chepseon, ambako mvua haikawii kunyesha na kila boma liko kwenye mteremko. Kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu kubwa mbele, kingemfaa zaidi.

Halafu kuna choo. Mgonjwa asiyeweza kukifikia choo cha shimo huanza kujinyima maji ili asisumbue watu. Mkojo ukipungua na kukaa kibofuni, viini huzaana, na maradhi hupanda hadi kwenye figo. Akishinda ameketi bila kujiinua kila baada ya nusu saa hivi, hupata vidonda makalioni asivyovihisi hata kidogo. Kwa hiyo njia ya kwenda chooni ni dawa sawa na vidonge.

Dkt. Ludwig Guttmann aliligundua hili huko Stoke Mandeville, Uingereza, kuanzia 1944. Wakati huo wengi waliopooza hivi walikuwa wakifa mapema kwa vidonda na maradhi ya mkojo. Yeye aliwageuza kitandani kila baada ya saa mbili, kisha akawapa kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale, na hapo ndipo ilipozaliwa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu.

Wapo wanaodhani kujitegemea ni kufanya kila kitu bila kusaidiwa. Sikubaliani nao. Anayeogeshwa na nduguye asubuhi, kisha akaenda kuandika kilo za majani chai kituoni, anajitegemea kuliko anayehangaika hadi adhuhuri kuvaa suruali peke yake na kubaki barazani akitazama barabara. Kuandika kilo hakuhitaji miguu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa haki ya kufika mahali pa umma na kupanda magari ya abiria. Makanga anayekihesabu kiti kuwa mzigo wa kulipiwa huenda hajaisoma.

Basi harambee ijayo isiishie kwenye bili. Sehemu ya fedha itengwe kwa choo chenye mlango mpana, na kwa mteremko wa saruji pale kituo cha chai kilipo na ngazi. Fundi akumbuke kipimo: ngazi ya sentimita 30 huhitaji mteremko wa urefu wa mita 3.6, la sivyo kiti kitarudi nyuma na mwenyewe. Na kabla ya kumwaga saruji, mhusika aulizwe ni wapi anataka kwenda.